"Mchawi kaanguka na ungo": tunavyokosea kuhusu demensia

Kila baada ya muda, picha ya namna moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Bibi kizee, pengine hana nguo, kaketi kwenye uwanja wa nyumba isiyo yake alfajiri, na watu wamemzingira na simu zao. Maelezo huwa yaleyale: mchawi kaishiwa nguvu, kaanguka na ungo. Naanza na dhana hii kwa sababu inaua.

Dhana: Mzee anayekutwa usiku kwenye uwanja wa watu, asijue alikotoka, ni mchawi.

Demensia ni jina la jumla la hali zinazotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo. Alzheimer ndiyo inayoongoza, ikichangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Haiishii kwenye kumbukumbu. Huchukua pia uwezo wa kujua saa, mahali na njia. Mtu anaamka saa nane usiku akiamini kumekucha na kachelewa shamba. Mwingine anatafuta nyumba aliyolelewa, iliyobomolewa zamani. Anafungua mlango, anatembea, anapotelea mtaa wa tatu. Kuvaa nguo nako kuna hatua nyingi ambazo ubongo lazima uzipange. Ugonjwa ukishafika mbali, joto au haja ndogo hutosha kumfanya avue, kisha asijue namna ya kuvaa tena. Ukimuuliza "umetumwa na nani?" atajibu lolote linalomjia, na umati utalipokea kama kukiri.

Tuhuma za namna hii zimegharimu roho. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na miili yao kuchomwa moto kwa madai ya uchawi. Usukumani, macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote yamehesabiwa kuwa ushahidi. Kilifi, wazee waliotishiwa maisha wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi kule Ganze, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Sisemi kila aliyetuhumiwa alikuwa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba mgonjwa wa demensia anaonyesha kila kitu ambacho umati unakitafuta, na hawezi kujitetea.

Ukimkuta mzee wa namna hiyo, rudisha simu mfukoni. Mfunike khanga. Mwamkie shikamoo, uchutame mkutane macho, ujitaje jina, umpe maji. Usimvute mkono wala kumhoji. Kisha mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kwa Kenya, mzee wa nyumba kumi au chifu. Kipaza sauti cha msikiti kikitangaza, ndugu zake watapatikana haraka kuliko kwa kusambaza picha yake ya aibu.

Dhana: Ni uzee tu, kila mtu atafika huko.

Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta takriban 6 kati ya 100 wana demensia. Maana yake wazee walio wengi hawana. Maana yake pia si ugonjwa wa Wazungu: kati ya watu zaidi ya milioni 55 wanaoishi nao duniani, zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kusahau ulikoweka simu ni jambo la kawaida. Kushika simu usijue ni ya nini, hapo kuna tatizo. Mama aliyepika pilau miaka yote akisimama jikoni asijue kinachofuata baada ya vitunguu, mpelekeni kwa daktari.

Na hili lishikwe sana: mzee ambaye jana alikuwa mzima na leo anaongea na watu wasioonekana, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka. Hata dawa anazotumia zinaweza kumvuruga. Awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Haina tiba, hospitali ya nini?

Tiba ya kuiondoa hakuna, ni kweli. Lakini zipo dawa za kupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, na yapo matatizo yanayofanana nayo yanayotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja vihatarishi 14 ambavyo, vikidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Vimo presha, kisukari, sigara, upweke na kutosikia vizuri. Babu ambaye masikio yamepungua nguvu, na kwa hiyo haongeleshwi tena sebuleni, anaumia mara mbili.

Dhana: Hanitambui tena, nikaende kufanya nini?

Wageni wengi hufika na mtihani: "Bibi, mimi nani?" Bibi anahangaika, anaona aibu, wengine wanacheka. Tafadhali tuache. Mwambie wewe ni nani, mtoto wa nani, umekuja kumsalimia. Jina linaweza kupotea huku raha ya kutembelewa ikibaki. Mwimbie kaswida au tenzi aliyoizoea, uone. Hukohuko Hai, wagonjwa walikutanishwa kwenye vikundi vya mazungumzo, nyimbo na michezo. Uwezo wao wa kufikiri ukaongezeka na wasiwasi wao ukapungua.

Dhana: Ana binti yake, anamtunza.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa hubebwa na wanawake. Binti huyo halali usiku, na mchana anaitwa mwizi na mama yake mwenyewe kwa sababu pochi haionekani. Salamu ya "mgonjwa anaendeleaje?" haimpunguzii kitu. Mwambie: Jumamosi saa nne nakuja kukaa naye, wewe nenda sokoni, nenda kanisani, au kalale. Akuonyeshe chai ya mama inavyotengenezwa na komeo la geti linavyofungwa, kisha mwache aende.