Betri ya simu huanza kuzeeka kabla hujainunua

Sisi tunaofundisha elektroniki huulizwa swali hili karibu kila wiki, na wanafunzi, majirani na hata walinzi wa getini: betri hizi za lithiamu polima hudumu muda gani? Jibu la haraka lipo. Betri ya kawaida ya simu, inayotumika kila siku, hukaa vizuri miaka 2 hadi 3, au mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji. Baada ya hapo huwa imebakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo iliyokuja nao. Haifi siku hiyo. Ila simu iliyokuwa inafika jioni sasa inadai chaja saa nane mchana.

Jibu hilo ni sahihi, lakini limewaingiza wengi hasara, kwa kuwa mtu huanza kuhesabu siku aliyotoa pesa dukani. Betri ya lithiamu huanza kuzeeka siku ile inapotoka kiwandani, itumike isitumike. Ile uliyowekewa jana na fundi, ikiwa na nailoni yake bado, inaweza kuwa mzee wa miaka minne.

Sababu iko ndani ya kile kifuko bapa cha rangi ya fedha. Upande mmoja kuna tabaka la grafiti. Upande wa pili, katika simu nyingi, kuna mchanganyiko wa lithiamu na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo huchimbwa kwa ndugu zetu wa Lualaba na Haut-Katanga, Kongo. Katikati pana utando mwembamba uliolowa elektroliti, yaani kimiminika au jeli inayopitisha chembe za lithiamu. Ukichaji, chembe za lithiamu huvuka kwenda kujificha ndani ya grafiti. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka. Tatizo ni kwamba si zote zinazorudi. Juu ya grafiti hujengeka gamba jembamba sana linalotokana na elektroliti pamoja na lithiamu yenyewe. Bila gamba hilo betri isingefanya kazi, kwa hiyo si kasoro ya kiwanda. Lakini haliachi kukua, na kila linapokua linakula lithiamu ambayo ingekupa chaji.

Gamba hukua hata betri ikiwa kabatini. Hukua upesi zaidi penye joto, na upesi zaidi betri ikiwa imejaa. Mambo haya mawili yakikutana, hakuna betri inayoyahimili. Takwimu zinazotumika sana kufundishia ni hizi: betri ikiwekwa mwaka mzima mahali penye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa hapohapo ikiwa imejaa, hubaki na kama 80. Sasa panda hadi nyuzi 40: ya kwanza inashuka hadi 85, na iliyojaa inashuka hadi 65. Mwaka mmoja tu, na hakuna aliyeitumia.

Anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat haoni ajabu simu iliyo juani kufika nyuzi 40. Mtazame dereva wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani saa saba mchana. Kioo kimewashwa mwanga wote ili ramani ionekane, intaneti inafanya kazi, waya wa chaji umetoka kwenye betri ya pikipiki, na jua linaipiga simu usoni. Joto la kioo, joto la kuchaji na joto la jua vimekutana kwenye betri ambayo muda wote iko karibu na asilimia 100. Simu hiyo ikianza kuvimba mgongo ndani ya mwaka, tusimlaumu aliyeiuza. Kivuli kidogo juu ya simu, na kuchomoa waya chaji ikifika 80, vingemsaidia kuliko kubadilisha chaja.

Mzunguko mmoja nao si kuchomeka chaja mara moja, kama wengi wanavyodhani. Ukitumia asilimia 50 leo ukachaji, kesho ukatumia 50 nyingine ukachaji, hapo umekamilisha mzunguko mmoja. Kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo hakuli umri wa betri. Kinyume chake, betri inayochezea kati ya 30 na 80 huchakaa taratibu kuliko ile inayoshushwa hadi sifuri na kupandishwa hadi mia kila siku. Ile amri ya wauza maduka, kwamba simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kuwashwa, na ile ya kumaliza chaji yote kwanza, ni urithi wa betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Kwa lithiamu hazina faida, na ya pili ina madhara.

Kuchaji usiku kucha je? Chaja haiendelei kusukuma umeme bila kikomo. Seli, yaani kile kifuko chenyewe, ikifika kikomo chake cha volti (4.2 kwa seli za kawaida, karibu 4.4 kwa simu nyingi za sasa), mfumo wa simu unakata. Tatizo ni kwamba simu inalala imejaa mpaka alfajiri, mara nyingi chini ya mto, yaani imejaa na ina joto. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzuia chaji isizidi 80. Uwashe. Seli ya kawaida ukiiachia kwenye volti 4.1 badala ya 4.2, unapoteza sehemu ndogo ya chaji ya siku, lakini idadi ya mizunguko inaweza kukaribia kuwa mara mbili.

Tusidhani betri zote ziko sawa. Apple wenyewe husema simu zao hadi iPhone 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu janja mpya zinazoingizwa sokoni kwake zihimili angalau mizunguko 800 kabla ya kushuka chini ya 80. Kwa hiyo inawezekana. Ni suala la gharama na nia.

Dalili ya uzee si kuisha haraka pekee. Betri iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa wa ndani: ukifungua kamera au ukipiga simu ya video, volti hudondoka ghafla na simu huzima ilhali inasomeka asilimia 20. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya simu zenye betri za namna hii ili zisizime hovyo. Watu walikasirika, na kwa haki, maana hawakuambiwa. Lakini funzo la kiufundi lilibaki: simu "nzito" wakati mwingine inahitaji betri tu.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Ndani yake kuna gesi. Usiitoboe, usiibonyeze ili kifuniko kifunge, usiichaji hata kidogo. Zima simu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi. Usiitupe jalalani, kwa kuwa ikitobolewa au kuchomwa pamoja na taka inaweza kuwaka.

Unaponunua ya kubadilisha, soma kwanza tarehe ya kutengenezwa kama imechapishwa. Kwa simu za matoleo ya zamani, betri "orijino" ambayo haijawahi kutumika mara nyingi ndiyo iliyokaa stoo muda mrefu kuliko zote. Nakala nzuri iliyotengenezwa mwaka huu inaweza kuishinda. Kwa spika ndogo na taa, namba iliyoandikwa juu ya seli, mathalani 503450, ni vipimo vyake: unene milimita 5.0, upana 34, urefu 50. Seli ya ukubwa huo ikidai uwezo wa miliampia-saa (mAh) 3,000, ni uongo: iache hapohapo kaunta.

Kisha mwombe fundi aipime kwa mita mbele yako kabla hajaifunga. Betri iliyotunzwa vizuri dukani husoma karibu volti 3.7 hadi 3.9. Ikisoma chini ya 3, mrudishie. Na akisema ataiamsha kwa kuigusisha kwenye betri nyingine au kwenye chaja ya waya wazi, kataa: seli iliyokaa muda mrefu ikiwa imeishiwa chaji kabisa huyeyusha shaba ya ndani yake, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kujijenga upya pasipostahili na kuunganisha pande mbili ambazo hazitakiwi kugusana.