Picha hazimfanyi mtoto mvivu wa kusoma

Wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu, huchagua kitabu chenye maneno mengi na picha chache, wakiamini picha humzoesha mtoto kubahatisha. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli: anayeanza kuunganisha silabi huweza kutazama mchoro akasema "mbuzi" ilhali pameandikwa "kondoo". Basi weka kidole chini ya neno, alisome tena. Picha ibaki.

Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 ambaye hajajua herufi, picha ndiyo hadithi yenyewe. Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wanaosomewa wamekuta yakitua kwenye picha karibu muda wote. Maandishi hayaangaliwi sana mpaka mtu mzima ayaonyeshe. Kwa hiyo mchoro ukaguliwe kwa makini dukani. Je, unaonyesha kile kinachosomwa ukurasa huohuo? Picha mbili kubwa zikikabiliana, mtoto hajui neno jipya ni la ipi.

Vitabu vya kufunua na kuvuta vipande vinachangamsha, lakini kwa kujifunza herufi au majina ya vitu, kurasa tulivu husaidia zaidi. Tena vya kuvuta huchanika upesi.