Makumbi ni bure, maji ya kuoshea ndo si bure

Kila nikirudi Jambiani naulizwa swali moja, wewe si ndo unashughulika na kugeuza taka kuwa mali, sasa makumbi yote haya ya nazi yamejazana uani mbona hutuambii tukauze wapi. Juzi shangazi kaniuliza tena, nikamuahidi ntaandika nieleze vizuri.

Ninachokitafuta mie kwenye taka za shamba ni selulosi, ile inayofanya mmea usimame, imo kwenye mbao, kwenye pamba, kwenye karatasi. Mfaransa Anselme Payen ndo aliyeitambua, mwaka 1838. Na uzi wa selulosi umekaa kama kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi, ukiufumua unakuta nyuzi nyembamba, na hizo nazo zina nyembamba zaidi ndani yake, mpaka unafika pahala pana vipande vimejipanga sawasawa, fuwele, na katikati yake sehemu zilolegea. Fuwele hizo ndo nanoselulosi. Upana wake nanomita 5 mpaka 20 hivi, nanomita moja ni mita ukiigawa mara bilioni, urefu 100 mpaka 300, na unywele wa mtu ni kama nanomita 80,000, kwa hiyo darubini ya skuli haikuonyeshi kitu. Lakini ukakamavu wake unaukaribia wa feleji na uzito ni kama moja ya tano tu! Ukichanganya kidogo kwenye plastiki au karatasi inapata nguvu, na inatiwa hata kwenye rangi kuifanya nzito.

Sasa makumbi. Kazi yangu yote ni kuondoa, siongezi kitu, na kwenye makumbi cha kuondoa ni kingi mno. Uzi wa kumbi unaweza kuwa na lignini asilimia 40 au zaidi, lignini ndo gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi. Bibi yangu alikuwa anayafukia makumbi pwani kwenye tope miezi na miezi, akiyafukua anayapiga gongo, anapata usumba anasokota kamba. Kule kwenye tope vijidudu vinakula pektini, zile nyama nyama laini zinazoshika nyuzi pamoja, ila lignini haviiwezi, inabaki. Na ndo maana kamba ya usumba haiozi baharini, mitepe, vile vyombo vya matanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba hizo hizo bila msumari ikaenda safari. Uimara ule ule unaomfaa baharia ndo unaonitesa mie maabara.

Ndo nikahamia kwenye shina la mgomba. Ukishakata mkungu lile shina halizai tena, watu wanaliacha lioze shambani, na lignini yake ni kidogo sana ukilinganisha na kumbi. Sehemu kubwa ni maji, hapo usidanganyike na ukubwa, shina zima likikauka unashangaa limebaki kidogo namna gani. Nakata, nakausha juani, nasaga, halafu nachemsha na kostik soda, hii hii ya watengeneza sabuni, asilimia 4 au 5, nyuzi joto 80, saa mbili. Maji yanatoka meusi kama kahawa. Naosha, napausha kwa haidrojeni peroksaidi, naosha tena. Mgomba mara mbili unakuwa mweupe kama pamba, makumbi nimerudia mara nne na bado yana umanjano.

Baada ya hapo ndo asidi ya salfuriki asilimia 64, nyuzi joto 45, kama dakika 45. Asidi inakula zile sehemu zilolegea mwanzo kwa sababu inapenya upesi, fuwele zinachelewa, kwa hiyo ukizubaa inakula na fuwele unabaki na sukari ndani ya asidi. Muda ukifika unamimina yote kwenye maji baridi mara kumi yake. Na wanafunzi nakuombeni sana, mkipunguza makali ya asidi asidi ndo inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji hayatiwi kwenye asidi, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Haya, hapa kwenye maji ndo jibu la shangazi. Gramu 10 za selulosi zinataka kama mililita 100 za asidi, hiyo ni lita moja ya maji ya kuizima tu, bado sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi mpaka vitu vizito vitengane na maji, bado siku kadhaa za kuiweka kwenye mfuko wa utando na kubadilisha maji mpaka asidi iishe. Na si maji yoyote. Asidi inaziachia fuwele chaji hasi, zinasukumana, ndo zinaelea bila kugandana, sasa ukitia maji ya kisima cha pwani yenye munyu ile chumvi inaua huko kusukumana na zote zinagandana. Niliwahi kupoteza kazi ya wiki nzima hivyo. Kwa hiyo ni maji ya kukenekwa, yaani unayachemsha unakusanya mvuke wake, na kukeneka kunataka umeme, na ile asidi ilotumika lazima uizimue kabla ya kumwaga maana kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, ukimwaga kitu juu kinashuka moja kwa moja kwenye maji tunayokunywa. Gharama iko hapo, shangazi, si kwenye makumbi.

Na ikishapatikana usiikaushe kwenye oveni, zinashikana zinakuwa gamba gumu hata uziloweke vipi hazirudi. Mie naiweka hivyo hivyo na maji yake kwenye friji. Nikiweka chupa katikati ya vioo viwili vya polaroidi, vile vinavyochuja mwanga, nikaitikisa zinatoka rangi, buluu, zambarau, dhahabu, zinapita kama upinde wa mvua, na hapo najua fuwele zimetoka kweli. Nimeiona mara nyingi na bado naita watu waje watazame.

Kwa hiyo makumbi endeleeni kuyafukia, usumba una soko lake. Mie nileteeni shina la mgomba, lilokatwa siku ile ile, halijaanza kunuka, magamba ya nje yenye udongo muwe mshayatoa.