Oili ya gia boksi ya otomatiki nayo huchakaa
Madereva wengi huamini kwamba ukibadilisha oili ya gia boksi ya otomatiki katika gari la zamani, gia huanza kuteleza. Mara nyingi mwenye gari husubiri hadi gia zianze kusitasita ndipo aende kwa fundi, wakati klachi za ndani zimekwisha kulika, na lawama zote huiangukia oili mpya. Oili hiyo, ambayo ikiwa mpya aghalabu huwa nyekundu na angavu, hupikwa na joto hadi ikageuka kahawia na kunuka kuungua. ZF, kampuni ya Ujerumani inayounda gia boksi hizi, hushauri ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au baada ya miaka 8. Nawasihi muweke aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kwani ya CVT, yaani gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za kawaida, ni tofauti kabisa.