“Salfa Itatibu Tu”: Tunayoambizana Kuhusu Ubwiriunga wa Mikorosho

Ukipita Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, utaisikia mikorosho kabla hujaiona. Mashine za kupulizia unga wa salfa zinanguruma huku na huko, mwanga wa tochi unayumba kati ya mashina, na hewa yote inanuka kiberiti. Kukipambazuka kila kitu ni cha manjano: majani, nyasi, hadi nyusi za mpulizaji. Kila mwaka tunafanya hivyo kuuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi unaofunika maua ya mkorosho kwa unga mweupe, na kila mwaka hakosi mtu ambaye mwezi wa kumi na moja anasimama chini ya mti uliotoa mabibo ya kuhesabika, akisema salfa ya safari hii ilikuwa feki.

Huenda ilikuwa feki kweli. Lakini mimi nimekulia kwenye korosho, na kwa nilivyoona, salfa nyingi inayopotea haipotei kwa ubovu wake. Inapotea kwa sababu ya siku iliyopulizwa. Na siku tunaikosea kwa sababu ya maneno tunayopokezana kibarazani, ambayo mengine tumeyarithi pamoja na mashamba.

“Ubwiriunga unaletwa na mvua”

Hili ukilisikia unaona lina mantiki. Mahindi yakilowa yanaoza, nguo mbichi ikikunjwa inaota ukungu, kwa hiyo na mkorosho ukishikwa na fangasi, lawama inaiendea mvua. Fangasi wengi kweli wanataka maji. Huyu wa ubwiriunga hayataki. Spora zake, yaani zile chembe anazozalia, zina akiba yake ya maji ndani, na zinaweza kuota juu ya jani ambalo halijalowa. Kinachomfaa ni hewa nzito yenye unyevu, siyo maji yanayotiririka. Mvua kubwa inamwosha.

Ndiyo maana huja kipupwe, kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimeshakwenda zake. Usiku kuna baridi, asubuhi hewa imejaa unyevu, mchana jua si kali sana, na upepo wa kusi unazichukua spora kutoka mti huu kwenda ule. Bahati mbaya ya mkorosho ni kwamba huo ndio msimu wake wa kuchanua, na kinachomvutia zaidi fangasi huyu ni ua changa.

Wapo pia wanaosema ule weupe ni vumbi la barabarani, au chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Hilo halihitaji ubishi, linahitaji kidole. Shika kichala cha maua kinachoanza kutoka, kile ambacho bado kina wekundu kwa mbali, na upanguse ule unga unaofanana na unga wa muhogo. Vumbi likipanguswa, chini yake ua ni zima. Ubwiriunga ukipanguswa unakuta ngozi ya ua imeshageuka kahawia, na vitumba vingine vimefumba kama ngumi. Hivyo havitafunguka. Baada ya siku kadhaa kichala kizima kitakauka na kuwa cheusi, na ukikitikisa kitapukutika mkononi.

“Tusubiri kwanza tuone kama ugonjwa upo”

Hapa ndipo pesa nyingi zinapoishia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Spora ikitua kwenye ua inatoa uzi mwembamba. Uzi huo unatambaa juu ya ngozi ya mmea, na kila unapofika unachomeka kijirija ndani ya seli na kufyonza. Mwili wake karibu wote uko nje, na ndiyo maana tunauona kama unga. Salfa iliyotua mahali pale mapema inatoa mvuke unaoiua spora wakati inaota. Kazi yake ni ya mlinzi wa getini. Mwizi akishaingia chumbani, mlinzi huyo hana la kufanya, na ua lililokwisha kuwa kahawia halirudi kuwa ua hata ulimwagie gunia zima.

Halafu mkorosho hauchanui siku moja. Vichala vinatoka kwa wiki nyingi, hivi leo na vile wiki ijayo. Salfa uliyopuliza leo haimo kwenye kichala ambacho hakijazaliwa. Ratiba ya kurudia kila baada ya siku 14 inatokana na hilo, na wala si ujanja wa wauza pembejeo. Kipimo kilichotoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, pale Mtwara, ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa mzunguko mmoja, hadi mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 kwa hiyo unatosha miti mia moja kwa mzunguko mmoja.

Mjomba wangu mwaka mmoja alicheleweshewa mifuko. Ilipofika, vichala vya kwanza vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Akapiga hesabu yake: mizunguko miwili imenipita, basi mzunguko huu nitapuliza ya mara tatu. Miti ikavaa kanzu za manjano, tukakohoa hadi jioni. Hesabu ya kilo ilikuwa sahihi kabisa, ila maua hayajui hesabu ya kilo. Korosho alizovuna mwaka ule zilitokana na maua ya mwishomwisho, nyingi zikiwa ndogo, na mizani ya chama cha msingi cha ushirika haikumwonea huruma.

Kwa hiyo anza vichala vinapoanza kuchomoza, dalili za kwanza zikiwa kwenye machipukizi machanga tu. Puliza alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande ukiwa bado kwenye majani, kwa sababu umande ndio unaoushika ule unga. Wingu la salfa lipande hadi kileleni, kisha lishuke taratibu. Jua likishachomoza, joto linaanza kuinua hewa, na salfa yako inakwenda kutua usikokujua.

Wanaotumia dawa za maji, kama zile zenye triadimenoli au heksakonazoli, wana nafuu kidogo. Dawa hizo huingia ndani ya mmea, zinaweza kuuzuia ugonjwa uliokwisha kuanza, na hurudiwa kila baada ya siku 21. Lakini zina kasoro yake. Ukitumia aina moja msimu hadi msimu, fangasi anaizoea. Salfa humshambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana hadi leo haijamchosha mtu kwa usugu.

“Majani ni safi, mti ni mzima”

Majani yapi? Jani la mkorosho likishakomaa, likawa gumu na kijani kizito, fangasi huyu halitaki. Anakula vilaini tu: jani changa, ua, bibo na korosho ambavyo ndiyo kwanza vinaanza. Ukisimama chini ya mti ukatazama majani makubwa utaridhika, ukaenda nyumbani kulala, kumbe juu kwenye ncha za matawi mambo yameharibika.

Jambo hilohilo linajibu swali la wapi anajificha msimu wa mvua. Fangasi huyu hawezi kuishi kwenye kitu kilichokufa. Ni lazima apate kijani kilicho hai. Basi wale wanaofagia majani makavu chini ya mti na kuyachoma “kuua ugonjwa” wanafaidi uwanja safi wa kuokotea korosho, na hilo ni jema, lakini ubwiriunga haumo mle. Moto unaunguza mbolea ya bure na mizizi ya juujuu. Maficho yenyewe yako ndani ya mti, kwenye yale maotea yanayochipua kwenye shina na matawi makubwa, penye giza na hewa isiyotembea. Pale anakaa miezi yote, akisubiri maua yatoke.

Ukiingia chini ya mkorosho mwezi wa tano na panga dogo, ukayaondoa maotea hayo yote, umemvunjia nyumba kabla mfuko wa kwanza wa salfa haujafunguliwa. Ni kazi ya siku chache, haina mgao wala foleni, na hata hivyo wengi hatuifanyi. Nami nimo.

“Ukikata matawi umekata korosho”

Mkorosho huzaa nje, kwenye ncha zinazopigwa na jua. Matawi ya ndani yaliyosongamana hayazai. Yanakula tu na kumhifadhi mgonjwa. Kinachoogopesha wazee wetu naelewa: mti aliupanda babu, na panga likipita ni kama umemgusa babu mwenyewe. Lakini mashamba mengi ya zamani yalipandwa karibu mno, kiasi kwamba leo matawi ya mti huu yamelala juu ya yule. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani miti isiyozidi 70 kwa hekta. Ukihesabu shamba lako ukakuta miti 150, basi miti inanyang'anyana jua na inaambukizana bila kuhitaji hata upepo.

“Salfa ni kitu cha asili, haina madhara”

Hata upupu ni wa asili. Muulize mtu aliyepuliza wiki nzima bila miwani jinsi macho yanavyowaka usiku. Funika macho, pua na mdomo, vaa mikono mirefu, usivute sigara karibu na mifuko kwa sababu salfa inashika moto, na watoto wasije shambani kushangaa mashine. Kama umepulizia dawa yenye mafuta, usiipandishie salfa hapohapo. Viwili hivyo vikikutana vinaunguza majani machanga.

La udongo linazungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Salfa inayodondoka chini haipotei. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa asidi, na ardhi ya kichanga kama yetu haina nguvu ya kuihimili kwa miaka mingi. Mkorosho wenyewe ni mvumilivu, ila chini yake tunapanda muhogo, karanga na njugumawe. Watafiti waliopima udongo wa kusini miaka ya 1990 waliukuta uchachu huo ukiongezeka mashambani kwa sababu ya salfa. Anayepuliza mara tatu ya kipimo, kama mjomba wangu, anaipa hasara ile ardhi pia, na chokaa ya kurekebisha atainunua mwenyewe.

Lipo na kosa la kuifanya salfa kuwa dawa ya kila kitu. Ncha ya tawi iliyokauka ikiwa na madoa meusi yaliyodidimia huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza, na salfa haimtishi. Anayemtisha ni majimoto, wale sisimizi wekundu wakali tunaowaua kwa sababu wanatuuma tunapopanda. Mti unaonyauka na kufa wote ni habari nyingine kabisa. Mwite afisa ugani kabla ya kununua chochote.

“Ubwiriunga ndio ulioua korosho ya Kusini”

Wazee wakikaa wanasimulia msimu wa 1973/74, Tanzania ilipovuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 16,000 na ushei. Ugonjwa unabeba lawama yote, nao kweli shamba lisilotunzwa unaweza kulimaliza karibu lote. Lakini ulitambuliwa nchini mwaka 1979, na kufikia hapo mavuno yalikuwa yameshaporomoka. Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu vijijini, ilikuwa imewahamisha watu mbali na miti yao, na bei ya korosho haikumpa mtu sababu ya kutembea maili kadhaa kwenda kupalilia. Miti ikageuka pori. Fangasi alipofika alikuta vivuli, maotea na vichaka vinamsubiri, na hakuna mwenye panga. Miaka ya 1990 bei ilipopata nguvu na salfa ilipoanza kufika vijijini, mavuno yalipanda tena, hadi kuvuka tani 100,000 mwishoni mwa muongo huo.

Mawili ya haraka. Miche bora ya kubebesha, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine, inavumilia zaidi, lakini “inavumilia” haina maana kwamba haishikwi; nayo inataka kuangaliwa. Na wale wanaoulizia maziwa kama dawa ya ubwiriunga: kwenye maboga ya bustanini, maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, yakinyunyizwa kila wiki, yamewahi kufanyiwa utafiti Brazili na yakafanya kazi vizuri. Kwa mkorosho wa mita kumi, hayo maziwa wape watoto. Tena unga unaouona kwenye majani ya maboga ni wa fangasi mwingine, hautaruka kwenda kwenye korosho zako.

Kinachoruka ni ule wa jirani. Shamba lisiloguswa upande unakotoka upepo linakurudishia spora kila asubuhi, hata upulize vizuri namna gani, na salfa ya mwenzako haivuki mpaka kukulinda wewe. Mjomba sasa anachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango kila anapopuliza, kisha anahesabu siku 14. Msimu uliopita mistari ilikuwa minne tu, kwa sababu korosho zilikuwa zimeshashika. Mfuko uliobaki nusu alimpelekea jirani yake wa upande wa kusi, kwa sharti moja: aanze na mstari wa miti iliyo mpakani.