Tiba saidizi na tiba mbadala kwa wanandoa wanaotafuta mtoto

Mitishamba, akupancha (kuchomwa sindano nyembamba sehemu maalumu za mwili), virutubisho vya vidonge, kukandwa tumbo, yoga: hivi vyote huwekwa kwenye kundi la tiba saidizi na mbadala. Kinachozitenganisha ni namna zinavyotumika. Ukinywa mitishamba huku ukiendelea na daktari, na yeye anajua, hiyo ni tiba saidizi. Ukiacha hospitali ukabaki na mitishamba peke yake, imekuwa mbadala.

Kwa wanandoa wenye ugumba, yaani waliokaa miezi 12 au zaidi wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba haijaingia, tofauti hiyo ni nzito kwa sababu ya muda. Mayai ya mwanamke hupungua kwa idadi na ubora, hasa baada ya miaka 35. Kama mirija yake ya uzazi imeziba, mwaka mzima wa kunywa mizizi ni mwaka uliopotea.

Siwalaumu wanaozikimbilia tiba hizi. Vipimo ni ghali, majibu huchelewa, na mtaalamu wa tiba asilia mara nyingi ndiye mtu wa kwanza kukaa na kuwasikiliza. Yoga nayo huweza kupunguza msongo wa mawazo, na kwa watu wanaolia kila mwezi hilo si dogo. Ila nafuu ya moyo isichukuliwe kuwa ni dawa ya kushika mimba. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 848 waliokuwa wakifanyiwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni. Waliochomwa sindano za akupancha walipata watoto kwa asilimia 18.3, na waliochomwa za kuigiza asilimia 17.8. Hakuna tofauti ya maana hapo. Nchini Marekani, wanaume 2,370 walipewa zinki na asidi ya foliki au vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa virutubisho hivyo havikuboresha mbegu wala kuongeza watoto waliozaliwa. (Mwanamke anayetafuta mimba bado anashauriwa kutumia asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.)

Mweleze daktari kila unachotumia, hata kama ni majani tu. Baadhi ya mimea hugongana na dawa za hospitali, na mingine ina kemikali zinazofanya kazi kama homoni. Na mume apimwe mbegu mapema. Takriban nusu ya wanandoa wenye ugumba wana tatizo upande wa mwanaume pia, au upande wake peke yake, lakini anayenyweshwa dawa chungu miaka nenda rudi huwa ni mke.