Stajoni, kayaki na suala la chambo

Juzi, katikati ya Februari, kijana mmoja wa Kalemie, Kongo, ambaye ni jirani yangu hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, alinipigia simu kutoka dukani. "Jambo papa. Niko mbele ya frigo ya chambo. Kuko smelti, kuko heringi, kuko ngisi, kuko bakuli ya kamba. Nichukue gani?"

Nikamuuliza: kayaki yako ina urefu gani?

Akacheka, akadhani namkwepa. Nimekuwa nikivua stajoni kwa kayaki katika mto Willamette na Columbia kwa miaka kumi na moja, na kila msimu nawafundisha watu wawili watatu. Swali la chambo huja kwanza, nami hulijibu kwa swali hilo hilo la kayaki. Stajoni mweupe ndiye samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi Amerika Kaskazini. Anaweza kuishi zaidi ya miaka mia, na kumbukumbu za zamani zinataja samaki wa mita 6. Kayaki yangu ni mita 3 na nusu. Sasa, chambo unachotia majini kinaita samaki wa ukubwa fulani, na atakayeitika ndiye atakayekukokota.

Tuanze na samaki mwenyewe. Ukimgeuza stajoni mdogo utaona chini ya pua ana sharubu nne, ukumbuke kambale. Nyuma ya sharubu kuna mdomo usio na jino hata moja, unaochomoza kama bomba na kufyonza. Macho yake ni madogo, na Willamette wakati wa mvua za baridi huwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo usihangaike na rangi ya chambo. Yeye hunusa, hugusa kwa sharubu, huonja, ndipo anafyonza. Hukaa akielekea mkondo unakotoka, akisubiri harufu iletwe na maji. Ndiyo maana natia nanga kabla kidogo ya shimo la chini ya mto, upande mkondo unakotoka, na kutupa chambo nyuma yangu, harufu ishuke kwake yenyewe. Ukitia nanga juu ya shimo lenyewe, kila unachokitupa kinaangukia nyuma yake.

Miezi hii ya baridi chambo changu ni smelti. Ni samaki mdogo mwenye mafuta mengi, wa urefu wa kiganja na vidole, anayepanda kutoka baharini kuingia Columbia na vijito vyake mwishoni mwa baridi. Stajoni anamfahamu vizuri. Lakini tangu 2010 smelti wa huku wako kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini, na siku za kuwachota kwa wavu ni chache na hutangazwa kwa muda mfupi. Nanunua waliogandishwa. Naangalia tumbo: likiwa limepasuka au limegeuka manjano, namrudisha. Tumbo likipasuka kwenye friji, majini halifiki dakika tano.

Namna ya kumvika ndoana ina maana kuliko watu wanavyofikiri. Napitisha sindano ndefu kuanzia mdomoni hadi karibu na mkia, navuta mshipi, ncha ya ndoana inabaki wazi upande wa mdomo. Kisha nafunga mkia kwa vifundo viwili vya mshipi huo huo, na kichwa kinaangalia chini ya mkondo. Ukimfunga kinyume au ukimwacha apinde, anazunguka kama feni na kuusokota mshipi wote. Ndoana iwe moja tu, isiyo na kile kijino cha kuzuia isichomoke. Oregon na Washington zote zinataka hivyo kisheria kwa stajoni, na ukiwa umeketi kwenye kayaki huku samaki anajipigapiga karibu na paja lako, utaishukuru sheria hiyo.

Kwa kijana yule nilisema: nusu smelti, usiweke mzima. Maji yakiwa baridi stajoni hali sana, na kipande kinachoingia mdomoni mara moja humnasa mdomoni, hakimpi nafasi ya kukichezea. Kipande kidogo pia hakisukumwi sana na mkondo. Hili wavuvi wa boti hawalifikirii, wao wana winchi na nafasi. Kwenye kayaki, chambo kinene kinataka chubwi nzito ili kikae chini, na chubwi nzito inataka fimbo ngumu, na fimbo ngumu inakuyumbisha kila unapoinua kutazama. Kwa nusu smelti, gramu 170 hivi zinanitosha kwenye mashimo ya karibu na daraja la St. Johns, siku ambazo mto haujafura. Mkondo ukidai zaidi ya gramu 300, mimi narudi nyumbani. Siku hiyo chambo siyo tatizo tena.

Ngisi ndiye rafiki wa mvuvi wa kayaki, ingawa hana mafuta wala harufu kali. Yeye ni mgumu. Nilikulia Mwanza, ambako ndoana za sangara huvikwa kambale wadogo kwa sababu hawafi upesi wala hawachomoki, na akili ni ile ile: chambo kinachokaa ndoanani ni chambo kinachovua. Kila mara unapobadilisha chambo kwenye kayaki, unashika fimbo, kisu, ndoana na kasia kwa mikono miwili, juu ya maji ya nyuzi joto 5. Mimi huvisha kipande cha smelti, kisha nakifunika kwa utepe wa ngisi na kukizungushia uzi mwembamba wa mpira. Smelti anatoa harufu, ngisi anazuia wezi.

Wezi ni wengi hasa kiangazi. Hapo ndipo kamba wa matopeni, yule mweupe-waridi anayechimba mashimo kwenye tope la pwani, anapokuvunja moyo. Stajoni anampenda mno. Lakini ni laini kama uji, na vijisamaki vya chini humng'oa kwa kudonoadonoa kabla chubwi haijatulia. Ukiona ncha ya fimbo inatetemeka harakaharaka, hao ni wezi. Stajoni hukunja ncha polepole, mara moja, mbili, kama mtu anayekubali jambo kwa kichwa. Kule mlangoni mwa Columbia, upande wa Astoria, kaa nao wanajiunga na karamu. Huko mimi huvulia anchovi, ambao huingia mtoni pamoja na maji ya kujaa na stajoni huwafuata hadi maji ya kina kifupi. Msomaji wa Zanzibar angewaita dagaa, bila kukosea sana. Ila kule asubuhi tu. Upepo wa mchana na maji ya kupwa yakigongana, kayaki haina kazi pale.

Nyungunyungu wanafaa, ukiwavisha watano sita kama fungu, lakini Willamette watakuletea kila samaki isipokuwa yule unayemtaka. Mayai ya samoni yaliyofungwa kwenye kitambaa cha wavu yanasifiwa sana kwenye mto Fraser, Kanada, ambako tangu 1994 kila stajoni hurudishwa majini. Lamprei, yule wa umbo la mkunga, kwenye kayaki yangu haingii. Idadi yake imeshuka sana, na kwa makabila ya wenyeji wanaomvua kwenye maporomoko ya Willamette ni chakula cha heshima.

Halafu kuna shadi. Huyu ni samaki wa jamii ya heringi, hupanda Columbia kwa mamilioni mwanzoni mwa kiangazi, na mvuvi yeyote wa boti chini ya bwawa la Bonneville atakuambia hakuna chambo kama yeye kwa majitu. Ni kweli. Mwaka wangu wa pili, chini kabisa ya eneo linalofungwa kulinda mazalia, nilitia nusu ya shadi, kipande kikubwa kama ndala. Haikupita robo saa. Nilifungua kamba ya nanga kwa kuvuta kifundo chake, nikaiacha ielee na boya lake, na samaki akanichukua kuelekea kwenye njia ya meli. Aliruka mara moja. Nilimwona mwili mzima, mrefu kuliko chombo nilichokalia, nikakata mshipi papo hapo. Hata ningemchosha ningemfanya nini? Oregon, stajoni anayezidi sentimita 137 toka puani hadi kwenye panda ya mkia haruhusiwi kutolewa majini kabisa, na kumpigisha mieleka jike la miaka arobaini kwa saa mbili ili nimtazame usoni ni kumwonea. Shadi nawaachia wenye injini.

Maandalizi yote nayafanya jikoni, na mke wangu ana maoni yake kuhusu hilo. Usiku wa kuamkia safari natandaza vipande kwenye chumvi ya mawe ili vikaze, asubuhi nafunga kila kimoja kwenye ndoana na kipande chake cha mshipi, nazungushia kwenye sifongo, natia kwenye chombo chenye kifuniko. Vinane vinatosha. Kila dakika ishirini au thelathini natoa cha zamani, maana harufu imeshakwisha hata kama chambo kinaonekana kizima, nafungua, nabana kipya. Kisu hakitoki kwenye ala yake, na mikono haiachi kasia kwa zaidi ya dakika moja.

Kijana wa Kalemie alinunua smelti kumi na mbili na ngisi mmoja. Jumamosi alivua stajoni wa mita moja kasoro, akamfungua pembeni mwa kayaki bila kumpandisha, akanitumia picha ya glavu yake iliyochanwa na yale magamba ya mfupa. Nilisahau kumwambia kwamba wadogo ndio wenye ncha kali.